Kilomita 11,840 si saa 13: kuhusu safari ya Nairobi hadi New York

Kwa Mhariri,

Hivi majuzi mlichapisha katika ukurasa wenu wa safari jedwali la umbali baina ya viwanja vya ndege, na mstari wake wa kwanza ulieleza kwamba kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, ni kilomita 11,840 na mwendo wa saa 13. Kilomita hizo ni sahihi. Nimezihakiki kwa longitudo na latitudo za viwanja hivyo viwili kwa njia ile ile tuliyokuwa tukiwafundisha wanafunzi wa jiografia. Saa 13, kwa upande mwingine, hazimfai msafiri yeyote wa kweli, na kwa kuwa familia nyingi za hapa Pwani zina watoto Marekani na hupanga safari za wazazi wao kwa kutegemea maelezo kama hayo, nimeona ni wajibu wangu kuandika, hata kama barua hii itakuwa ndefu kuliko kawaida ya ukurasa huu.

Wanaosafiri kwenda huko siku hizi si wanafunzi na wafanyabiashara peke yao. Ni akina mama wanaoitwa kwenda kulea wajukuu waliozaliwa, ni wazee wanaokwenda mahafali, ni watu wanaowahi maziko. Wengi wao hawajawahi kupanda ndege kwenda mbali zaidi ya Nairobi, na baadhi yao wana kisukari au shinikizo la damu. Mtu wa namna hiyo akiambiwa saa 13, hujiandaa kwa saa 13: dawa za saa 13, subira ya saa 13, na jamaa zake huanza kuingiwa na hofu saa hizo zikipita bila simu kulia.

Nianze na kilomita, maana zina jambo la kuvutia ambalo jedwali halikulieleza. Umbali wa 11,840 hupatikana kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote juu ya tufe la dunia, na mstari huo haufanani hata kidogo na ule ambao mtu angeuchora kwa rula juu ya ramani ya ukutani. Kwenye ramani, rula ingetoka Nairobi, ikakata Afrika ya kati na ya magharibi na kuingia baharini karibu na pwani ya Mauritania. Ndege iliyofuata mwelekeo huo mmoja wa dira mwanzo hadi mwisho ingesafiri karibu kilomita 12,190, yaani kilomita 350 zaidi. Mstari mfupi wenyewe hutoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, ukapita juu ya kaskazini ya Uganda, Sudan Kusini, Chad, kaskazini ya Niger, jangwa la Algeria, kisha Morocco karibu na mji wa Marrakech. Baada ya hapo huingia Bahari ya Atlantiki, hupita kwenye visiwa vya Azores vya Ureno, hupanda hadi latitudo ya digrii 42 kaskazini, na ndipo hushuka kidogo kuelekea New York. Yeyote mwenye tufe la dunia nyumbani anaweza kuukaza uzi baina ya miji hiyo miwili na kuyaona hayo kwa macho yake. Ningependa sana watoto wa shule waonyeshwe jambo hili, kwa sababu wengi hukua wakiamini kwamba ramani bapa ndiyo sura ya dunia.

Hata hivyo, mstari huo ni wa hesabu, na anga zina wenyewe. Tangu vita vilipoanza Sudan mnamo Aprili 2023, anga ya nchi hiyo imekuwa ya kuepukwa na ndege za abiria. Mwezi Agosti mwaka huo huo, baada ya mapinduzi ya Niger, watawala wapya waliifunga anga yao kwa majuma kadhaa, na ndege zilizozoea kuvuka Sahara zikalazimika kuzunguka. Libya nayo imekwepwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo kilomita 11,840 ndicho kiwango cha chini kabisa, na ndege ya kweli husafiri zaidi ya hapo, siku nyingine kidogo na siku nyingine kwa mamia ya kilomita.

Sasa nije kwenye saa 13. Si vigumu kuona zilikotoka. Ndege aina ya Boeing 787-8, ambayo ndiyo inayotumika katika safari hii, ikishatulia angani huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Aliyeandaa jedwali aligawanya 11,840 kwa 900, akapata saa 13 na dakika chache, akaandika 13. Programu nyingi za kukokotoa umbali katika intaneti hufanya hivyo hivyo, pengine na kuongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hesabu hiyo ingekuwa kweli kama ndege ingekuwa tayari angani kwa mwendo kamili juu ya Embakasi, ulipo uwanja wa Nairobi, ikakoma ghafla juu ya New York, na njiani pasiwe na upepo. Ratiba za shirika letu la ndege, Kenya Airways, huonyesha jambo jingine: kwenda huchukua takriban saa 15, na kurudi huchukua kiasi cha saa 14 au pungufu. Umbali ni ule ule, ndege ni ile ile, lakini saa za kwenda haziwi sawa na za kurudi.

Maelezo yaliyofuata jedwali lenu yalisema kwamba tofauti hiyo hutokana na dunia kuzunguka. Naomba mlisahihishe hilo kwa uwazi, kwa sababu ni kosa linaloenea haraka. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na hapa karibu na ikweta uso wake huenda karibu kilomita 1,670 kwa saa. Ingekuwa ndege ikipaa inaachwa nyuma na ardhi, basi mji wa New York ungekuwa ukiijia ndege kwa kasi hiyo, na safari ya kwenda ingekuwa fupi mno, huku ndege ya kurudi, yenye mwendo wa kilomita 900, isingeifikia Nairobi kamwe. Mambo ni kinyume chake: kwenda ndiko kurefu. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege huzunguka pamoja na hewa.

Sababu ya kweli ni upepo. Katika latitudo za kati za kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi ambako ndege kubwa hupita, huvuma pepo kali kutoka magharibi kwenda mashariki. Kasi yake hufikia kilomita 150 kwa saa mara kwa mara, na wakati wa baridi ya kule, kuanzia Desemba hadi Februari, huweza kupindukia kilomita 300. Watu wa mwambao hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwa sababu babu zetu waliojua kaskazi na kusi walifahamu kwamba jahazi la Maskati linalokuja na kaskazi haliwezi kupimwa kwa siku zile zile na jahazi linalopigana na mbisho, ingawa bahari ni moja na bandari ni zile zile. Tukadirie kwamba ndege yetu inapata mbisho wa wastani wa kilomita 60 kwa saa katika safari nzima ya kwenda: mwendo wake juu ya ardhi hushuka hadi 840, na kilomita 11,840 huchukua saa 14 na dakika chache. Upepo huo huo ukiipiga kwa nyuma wakati wa kurudi, mwendo hupanda hadi 960, na safari huchukua saa 12 na dakika 20. Hapo tayari pana tofauti ya karibu saa moja na dakika 45, nasi hatujahesabu dakika hata moja ya ardhini.

Dakika za ardhini nazo zina uzito wake. Mashirika ya ndege huanza kuhesabu saa za safari tangu vizuizi vya magurudumu vinapoondolewa hadi vinaporudishwa mahali pa kuegesha. Ndani ya muda huo mna kusukumwa nyuma, kusubiri zamu ya kupaa, kupanda polepole kwa sababu ya uzito wa mafuta, kuzungushwa angani karibu na New York, ambako viwanja vikubwa vitatu vimesongamana katika eneo moja, na kisha mwendo mrefu ardhini hadi mlangoni. Ndiyo maana saa 13 za karatasi huwa 15 za ratiba bila mtu yeyote kukosea.

Kuna jambo jingine ambalo nadra sana kuliona likiandikwa magazetini, nalo ni kimo cha uwanja wenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko karibu mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, ilhali ule wa Moi hapa Mombasa uko mita 61 tu, na ule wa Kennedy umekaribia usawa wa bahari kabisa. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, na hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini na uwezo wa mbawa kubeba uzito. Jua la mchana likiipasha moto, huwa nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa mafuta ya kuvuka bara zima na bahari huhitaji barabara ndefu ya kurukia, na bahati nzuri Nairobi ina barabara ya zaidi ya mita 4,000. Lakini pia hunufaika na ubaridi wa usiku. Abiria anayelalamika kwamba ndege ya Marekani huondoka usiku wa manane afahamu kwamba ubaridi wa saa hizo huisaidia ndege kupaa na mzigo wake, mbali na kumfikisha New York asubuhi, wakati ambapo anaweza kuunganisha ndege nyingine za ndani.

Majirani zetu wa Ethiopia wanaonyesha jambo hili wazi zaidi. Uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopia ziendazo Washington zimelazimika kutua njiani kuongeza mafuta, kwa muda mrefu zikitua Dublin, kwa sababu haziwezi kupaa kutoka kimo hicho zikiwa na mafuta ya kutosha kukabiliana na pepo za Atlantiki pamoja na abiria na mizigo yao. Zinaporudi huruka moja kwa moja kutoka Washington, ambako uwanja uko chini na pepo huwa nyuma yao. Anayetaka kujua kama kilomita peke yake zinatosha kueleza safari autazame mfano huo.

Safari ya moja kwa moja ya Nairobi haikupatikana kwa urahisi, na wasomaji vijana wanastahili kukumbushwa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliipandisha Kenya hadi daraja la kwanza la usalama wa anga mnamo Februari 2017, baada ya miaka ya kurekebisha sheria, kukagua viwanja na kutenga njia za abiria wanaoingia na wanaotoka. Safari ya kwanza iliondoka Nairobi usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege yenye viti 234 na marubani wanne wanaopokezana. Kabla ya hapo kila Mkenya aliyekwenda New York alipitia nchi ya tatu. Naona fahari kwa hatua hiyo, na ndiyo maana naumia ninapoona tukiieleza kwa tarakimu za kubahatisha.

Bado wengi hupitia nchi ya tatu, ama kwa sababu ya nauli, ama kwa sababu ndege ya moja kwa moja haiondoki siku wanayoitaka. Hapa ndipo umbali na muda huachana kabisa. Anayepitia London husafiri karibu kilomita 6,840 hadi huko na 5,540 kutoka huko hadi New York, jumla 12,380. Amezidisha kilomita 540 tu juu ya mstari mfupi, umbali ambao ndege huumaliza kwa dakika 36. Lakini amekaa karibu saa tisa katika ndege ya kwanza, akasubiri saa tatu au nane kwa kutegemea tiketi yake, kisha saa nyingine nane angani. Ongezeko la kilomita ni kama halipo, na ongezeko la saa linaweza kuwa nusu siku.

Njia ya Ghuba, ambayo ndugu zetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu huipenda kwa kuwa wana jamaa Dubai na Doha wa kupumzika kwao, ni ya kushangaza zaidi. Kutoka Nairobi hadi Dubai ni kilomita 3,560 hivi, nayo ni safari ya saa tano kuelekea kaskazini-mashariki, yaani msafiri anaipa New York mgongo. Kutoka Dubai hadi New York ni karibu kilomita 11,000. Kwa maneno mengine, baada ya kusafiri saa tano, umbali uliobaki umepungua kwa kilomita 840 tu kuliko kama angebaki amekaa Nairobi. Kipande hicho cha pili peke yake huchukua takriban saa 14. Sisemi watu waiache njia hiyo. Mwenye kutaka kumwamkua shangazi yake Dubai na apite. Nasema tu kwamba mama wa miaka 70 anayekatiwa tiketi hiyo kwa sababu imepunguza nauli aelezwe mapema kwamba atakaa angani saa 19 na zaidi, mbali na kusubiri.

Lililo kubwa zaidi kwangu ni kwamba jedwali lenu, kama majedwali mengine yote, huanzia uwanjani na kuishia uwanjani, na hakuna mtu anayeishi uwanjani. Msafiri wa Kisauni au Likoni bado ana kilomita karibu 420 za angani kabla ya kufika Nairobi. Akipanda ndege ya ndani atakuwa angani chini kidogo ya saa moja, lakini atawahi uwanjani mapema na kusubiri tena Nairobi. Akichukua treni ya SGR kutoka Miritini, ambayo imekuwepo tangu 2017, itamchukua saa tano hadi sita kufika Syokimau, na kutoka hapo si mbali kufika uwanjani. Tumchukulie anayeondoka Miritini kwa treni ya saa mbili asubuhi. Hufika Nairobi mchana, huenda uwanjani jioni kwa ukaguzi, kwa sababu safari za Marekani zina ukaguzi wa ziada, na ndege huondoka karibu saa sita usiku. Hapo zimeshapita saa 16 na bado yuko Kenya. Ongeza saa 15 za ndege, ongeza foleni ya uhamiaji na kuchukua mizigo kwa muda wa saa mbili, na jumla inakuwa saa 33. Ikiwa binti yake anaishi Minnesota na si New York, atatakiwa kuchukua mizigo yake New York, kuipitisha forodhani, kuikabidhi upya na kupanda ndege nyingine ya karibu saa tatu kwa kilomita 1,650 zilizobaki. Huyo ndiye msafiri aliyeambiwa na gazeti kwamba safari ni saa 13.

Pia kuna mkanganyiko wa saa za ukutani, ambao umewatia watu wengi hasara. Tiketi huandika saa za kila mji kwa majira ya mji huo. Ndege inayoondoka Nairobi saa sita usiku na kufika New York saa moja asubuhi humfanya mtu atoe moja kwa nyingine na kupata safari ya saa saba. Inayoondoka New York saa sita mchana na kufika Nairobi siku ya pili saa nne asubuhi humwonyesha saa 22. Hesabu zote mbili si kweli. Wakati wa baridi ya Marekani, Nairobi hutangulia New York kwa saa nane. Kwa hiyo safari ya kwanza ni saba kuongeza nane, yaani 15, na ya pili ni 22 kutoa nane, yaani 14. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani husogeza saa zao mbele, na tofauti hupungua kuwa saa saba. Sisi hatubadilishi saa zetu, na kwa sababu hiyo wengi hawatambui kwamba wenzetu wamebadilisha, na simu iliyotazamiwa kupigwa saa tisa alasiri hulia saa nane.

Tiketi ya usiku wa manane ina hatari nyingine. Iliyoandikwa 00:05 tarehe 12 inamtaka abiria awe uwanjani jioni ya tarehe 11. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alisindikizwa na familia nzima jioni ya tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi, akakuta ndege iliondoka usiku wa kuamkia siku hiyo, na nauli ya tiketi mpya ikachangwa na msikiti mzima. Magazeti ya Kiswahili huandika vizuri sana kwamba jambo fulani lilitokea usiku wa kuamkia Jumanne. Naomba muandike saa za ndege kwa utaratibu huo huo, maana kila msomaji atauelewa bila kuuliza.

Kwa wasafiri wa Kiislamu ningependa kuongeza jambo dogo. Ndege ya kwenda hufuata giza kuelekea magharibi. Jua likizama Nairobi saa kumi na mbili na nusu jioni ya mwezi wa Januari, msafiri huyo hatalipata jua jingine mpaka karibu na New York, baada ya takriban saa 20 za usiku. Akirudi, jua la mchana humkimbia, usiku wake huwa mfupi, na alfajiri humkuta mapema kuliko anavyotarajia. Anayefunga na anayetafuta nyakati za sala awaulize wanazuoni kabla ya kusafiri, na asitegemee saa ya mkononi iliyobaki kwenye majira ya Mombasa. Kwa mwenye sindano ya insulini, jambo hilo hilo ni la kumwuliza daktari, kwa sababu ratiba ya dawa ya saa 24 haiwezi kufuatwa kwa kutazama jua. Na kwa wote, saa 15 za kukaa ni nyingi kwa miguu ya mtu mzima: damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu, na ni muhimu kunywa maji, kunyoosha miguu na kusimama kila baada ya muda.

Ombi langu, Mhariri, ni la kutekelezeka. Jedwali likirudiwa, bakisheni kilomita kama zilivyo, kwa kuwa zinafundisha. Badala ya safu moja ya saa, wekeni saa za kwenda na saa za kurudi kama zilivyo katika ratiba za mashirika, zikiwa zimeshatolewa tofauti ya majira. Elezeni kama ndege ni ya moja kwa moja au inatua njiani, na kama inatua, andikeni muda wa kusubiri. Kwa viwanja vya Nairobi na Dar es Salaam, ambavyo hupokea wasafiri kutoka miji ya mbali, ongezeni maelezo ya muda wa kufika uwanjani kutoka Mombasa, Kisumu, Eldoret, Tanga au Arusha. Wenzetu wa Dar es Salaam hawana ndege ya moja kwa moja kwenda Marekani, na umbali wao wa mstari mfupi hadi New York ni karibu kilomita 12,440, lakini wanaopitia Doha husafiri kilomita 14,600 hivi. Msomaji wa Tanzania anayeona 12,440 pekee atadanganyika kwa kilomita zaidi ya 2,000.

Na kwa kuwa tofauti ya saa hubadilika mara mbili kwa mwaka, nashauri jedwali hilo lichapishwe upya mwanzoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, likiwa na saa ya kufika New York na saa ya Afrika Mashariki wakati huo huo zikiwa sambamba. Niko tayari kuzihakiki hesabu za umbali bila malipo kabla hazijachapishwa.

Wenu katika usomaji,

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Kisauni, Mombasa.